Hiari ya Mnunuzi na Riziki ya Muuzaji

Katika maduka mengi ya miji yetu ya mwambao, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, hukosi kuona kibao kilichotundikwa juu ya kaunta kikitangaza kwa herufi kubwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kibao hicho kimezoeleka mno hata wanunuzi hawakisomi tena. Kimekuwa kama sehemu ya ukuta. Lakini biashara yenyewe imekwisha kuuhama ukuta. Siku hizi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi huuza mitumba kwa picha alizozipiga kwa simu chumbani mwake. Mama wa Malindi huuza vikoi na kofia za mkono kwa mnunuzi aliye Nakuru, asiyemjua kwa sura wala kwa sauti. Mchonga vinyago naye hupokea agizo kutoka Italia kabla hajaugusa mti. Swali linalonishughulisha leo ni hili: je, kibao kile cha kale kinaweza kuhamia nacho mtandaoni? Jawabu langu ni la. Na sisemi hivyo kwa kumhurumia mnunuzi peke yake, bali kwa kuitakia heri riziki ya muuzaji.

Hebu tuitazame tofauti iliyopo. Mnunuzi aendaye dukani huishika bidhaa kwa mkono wake. Huinusa, huipima, huigeuza ndani nje, akauliza bei, akaomba apunguziwe, na hatimaye akalipa. Anapotoka mlangoni amekwisha kuutumia uwezo wake wote wa kuchagua. Kibao cha ukutani, hata kikiwa kikali, kina chembe ya haki ndani yake: ulikiona ulichokinunua. Mnunuzi wa mtandaoni hana bahati hiyo. Alichokiona ni picha, na picha haina uzito, haina harufu, wala haisemi kama rangi itachujuka nguo ikifuliwa mara ya kwanza. Wahenga wetu walitukanya tusiuziwe mbuzi ndani ya gunia. Tukisema kweli, biashara ya mtandaoni ni ya mbuzi wa guniani kila siku, na mnunuzi hulifungua gunia baada ya kulipa. Kwa hiyo muuzaji wa mtandaoni hauzi bidhaa tu; huuza ahadi. Na ahadi, kama tujuavyo sote, ni deni.

Jambo hili si geni kwa wenyeji wa pwani kama wengine wanavyodhani. Neno letu hiari limetokana na neno la Kiarabu khiyar, ambalo katika elimu ya sheria ya Kiislamu ni istilahi ya biashara: ni haki ya mmoja wa wanaouziana kuuthibitisha mkataba au kuuvunja. Wanazuoni wameigawa hiari hiyo mafungu kadhaa. Kuna hiari ya kikao, yaani kabla ya wawili hao kuachana. Kuna hiari ya sharti, ambayo kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, haizidi siku tatu. Kuna hiari ya kasoro, pale mnunuzi anapogundua ila iliyokuwamo katika bidhaa kabla hajakabidhiwa. Wahanafi nao wakaitaja hiari ya kuona, ambayo ni ya mtu aliyenunua kitu ambacho hakukiona. Akishakitia machoni anaweza kukikubali au kukikataa. Msomaji ataona kwamba wanazuoni hao, walioishi karne nyingi kabla ya simu na waya, walikuwa wamekwisha kulijadili tatizo la mbuzi wa guniani.

Juu ya hayo kuna kile wanachokiita ikala, yaani kukubali kuuvunja mkataba kwa ridhaa wakati mwenzako anapojuta, hata kama bidhaa haina kosa lolote. Wanazuoni hulihesabu tendo hilo kuwa ni wema unaopendekezwa, wala si wajibu. Tuizingatie sana tofauti hiyo. Kumrudishia fedha mtu uliyemuuzia kitu kibovu ni haki yake. Kumrudishia aliyebadili nia tu ni ihsani yako. Anayevichanganya viwili hivi ama atawadhulumu wateja wake ama atajifilisi mwenyewe.

Vilevile kuna arbuni, fedha anazozitanguliza mnunuzi ili kuifunga bei. Akighairi, je, muuzaji azile fedha hizo? Wahanbali wamesema yajuzu. Wahanafi, Wamaliki na Washafii walio wengi wamekataa, kwa hoja kwamba huko ni kula mali ya mtu bila ya kumpa kitu badala yake. Naitaja hitilafu hiyo si kwa nia ya kutoa fatwa, maana hiyo si kazi yangu, bali kuonyesha kwamba hata watu wenye elimu kubwa hawakuliona jambo hili kuwa jepesi. Vijana wetu wanaoandika kwenye kurasa zao kwamba malipo ya kutangulia hayarudishwi kwa hali yoyote ile, wamelikata kwa sentensi moja shauri ambalo madhehebu manne hayakukubaliana juu yake.

Tukiiacha dini na kuingia katika sheria za nchi, tutakuta mwelekeo uo huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inawapa watumiaji wa bidhaa haki ya kupata vitu vya ubora unaofaa, haki ya kupewa habari wanazozihitaji ili wafaidike na vitu hivyo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo ni Sura ya 31 na ambayo iliundwa kwa kuifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, inampa mnunuzi nafasi ya kukagua bidhaa asizoziona kabla ya kuhesabiwa kuwa amezikubali. Na bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Ikafuata Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, inayozungumzia waziwazi mikataba inayofanywa kwa intaneti. Sheria hiyo humtaka muuzaji amfunulie mnunuzi habari zote zinazotakiwa, na ampe nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla mkataba haujafungwa. Asipofanya hivyo, mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba hadi siku saba baada ya kupata nakala yake. Basi kibao cha ukutani, mbele ya sheria hizi, ni karatasi na wino.

Hata hivyo, ningekuwa nimemdhulumu muuzaji endapo ningeishia hapa. Wengi wanaouza vitu kwa simu katika Malindi, Watamu na Kilifi hawana ghala wala mtaji wa kuweza kumeza hasara. Tufanye hesabu kidogo, kama tunavyowafundisha watoto darasani. Tuseme muuzaji amenunua kikoi kwa shilingi 700 na kukiuza kwa shilingi 1,000. Faida yake ni shilingi 300. Tuseme pia nauli ya kifurushi kwa basi hadi Nakuru ni shilingi 300. Mnunuzi akikipokea, akakitazama, akasema rangi haimpendezi, na muuzaji akabeba gharama ya kwenda na ya kurudi, atakuwa ametoa shilingi 600. Itambidi auze vikoi viwili vingine ili arudi pale alipokuwa asubuhi ya siku ile. Wakighairi watatu katika juma moja, faida ya vikoi sita imekwenda na upepo. Na karo ya shule haingoji upepo utulie.

Asidhani mtu kwamba shida hii ni ya wadogo peke yao. Kampuni ya Jumia, ambayo jina lake linajulikana sana katika biashara hii barani Afrika, ilipokuwa ikijiandaa kuingia katika Soko la Hisa la New York mwezi wa Aprili mwaka 2019, ilieleza katika hati zake kwamba mwaka uliotangulia maagizo yenye thamani ya zaidi ya asilimia 14 ya mauzo yake ama hayakuweza kufikishwa ama yalirudishwa na wateja. Ikiwa kampuni yenye magari, maghala na mawakala hupatwa na hayo, itakuwaje kwa mama mwenye kapu la vikoi? Utaratibu wa kulipa wakati wa kupokea umewapa wanunuzi wa Afrika imani ya kujaribu, na hilo ni jema. Lakini pia umemrahisishia mtu kuagiza kwa pupa usiku, kisha kumkana mwendesha bodaboda mlangoni asubuhi.

Basi haki ya huyu na riziki ya yule zitapatanaje? Kwa maoni yangu, ufumbuzi ni kuacha kulitazama tendo la kughairi kana kwamba ni moja. Yako ya aina nne, na kila moja ina hukumu yake.

Aina ya kwanza ni ya mnunuzi anayeghairi kabla bidhaa haijaondoka. Hapa muuzaji hajapoteza kitu ila muda mchache. Na arudishe fedha zote, siku ile ile, bila ya maneno ya kuudhi. Ila kuna jambo moja la kuzingatia: kitu kilichotengenezwa kwa kipimo cha mtu. Kofia iliyoshonwa kwa kichwa cha mteja fulani, au kinyago kilichochongwa jina la arusi ya watu, hakitapata mnunuzi mwingine kwa urahisi. Hata Umoja wa Ulaya, ambao kwa maagizo yake ya mwaka 2011 humpa mnunuzi wa mbali siku 14 za kughairi bila ya kutoa sababu, umevitoa vitu vilivyotengenezwa kwa matakwa ya mteja nje ya haki hiyo. Mchongaji wa Malindi mwenye wateja wa Italia yafaa alijue hilo. Malipo ya kutangulia hapo yana maana, mradi yasizidi gharama ya mti, uzi na kazi, na mradi mteja ameambiwa kabla, si baada.

Aina ya pili ni ya mnunuzi anayebadili nia baada ya kifurushi kusafiri, ilhali bidhaa ni ile ile aliyoionyeshwa. Huyu arudishiwe bei ya bidhaa baada ya kuirudisha ikiwa salama, lakini nauli aibebe yeye. Si adhabu, ni kila mtu kuubeba mzigo alioufunga mwenyewe. Huko Ulaya nako, mnunuzi anayeghairi ndiye anayelipa gharama ya kurudisha, isipokuwa muuzaji amejitolea kuibeba. Muda nao uwekwe. Siku tatu tangu kupokea, kwa mfano wa hiari ya sharti, zinatosha mtu kulijaribu vazi mbele ya kioo na kuamua.

Aina ya tatu ni ile ambayo kosa ni la muuzaji: kikoi kimetoboka, saizi siyo, rangi ya picha ilipambwa, au maelezo yalisema pamba ilhali kitambaa ni nailoni. Hapa hakuna ihsani, kuna haki. Arudishe bei, arudishe nauli ya kwenda, alipe nauli ya kurudi, na aombe radhi. Muuzaji anayemwambia mteja wa namna hii kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, ameuza jina lake kwa bei ya kikoi kimoja.

Aina ya nne husahauliwa, nayo ni ya muuzaji mwenyewe kughairi. Ameuza kitu kimoja kwa watu wawili, au bidhaa aliyoitarajia kutoka Mombasa haikufika. Wengi katika hali hiyo humwahidi mteja kesho, na kesho kutwa, huku fedha zake zikiwa zimeshalipia kitu kingine. Huko si kuchelewesha, ni kukopa bila ya idhini. Fedha zirudi mara moja, wala mteja asitumiwe kitu mbadala ambacho hakukiomba.

Kuna bidhaa zinazohitaji kanuni yake peke yake, nazo ni zile zinazooza. Embe za ngowe na boribo zilizosafiri kutoka Malindi hadi Nairobi hazina safari ya kurudi. Si busara kumtaka mteja arudishe sanduku la embe zilizovunda ili athibitishe kwamba zimevunda. Kinachofaa ni masharti mafupi yaliyoandikwa mapema: mteja afungue sanduku siku ile ile, apige picha, na arudishiwe thamani ya zile zilizoharibika. Na muuzaji naye apige picha wakati wa kufunga. Picha mbili hizo huzuia ugomvi mwingi, na wahenga walisema biashara haigombi.

Sasa nije kwenye fedha zenyewe, maana hapo ndipo hila nyingi zilipojificha. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2007, mtu aliyetuma fedha kwa makosa ameweza kuomba zirudishwe. Siku hizi hufanya hivyo kwa kuupeleka ujumbe wa malipo kwa nambari 456. Huduma hiyo imewaokoa wengi waliokosea tarakimu moja. Lakini wapo wajanja wanaolipa, wakachukua bidhaa, kisha wakadai kwamba walikosea nambari. Ndiyo sababu Pochi la Biashara, iliyoanzishwa mwaka 2020 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, ilinadiwa kwa sifa ya kwamba mteja hawezi kuzirudisha fedha bila ya idhini ya muuzaji. Anayeuza kwa nambari yake ya kawaida, iliyochanganya fedha za biashara na za chama na za mjomba, amejiweka njia panda.

Zipo kanuni tatu ambazo ningependa kila kijana anayeuza kwa simu azikariri. Kwanza, usiamini ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi, wala ujumbe uliokuja kutoka nambari ya mtu binafsi. Tazama salio lako mwenyewe. Pili, ukirudisha fedha, zirudishe kwa nambari ile ile iliyolipa. Akija mtu akisema alilipa kwa simu ya rafiki na sasa anataka zirudi kwa nambari nyingine, mwambie kwa upole kwamba zitarudi zilikotoka. Tatu, andika. Mali bila daftari huisha bila habari. Andika tarehe ya agizo, tarehe ya kutuma, tarehe ya kurudi, sababu ya kurudi, na nambari ya muamala wa marejesho. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuambia jambo ambalo hakuna mteja atakayekuambia: pengine vifurushi tisa kati ya kumi vilivyorudi ni vya viatu, na sababu ni kwamba hukuwahi kuandika urefu wa soli kwa sentimita.

Hapo ndipo ninapolifikia kusudi langu. Marejesho si maradhi tu, ni dalili. Muuzaji anayeghadhibika kila kifurushi kinaporudi hatajua kamwe kwa nini vinarudi. Anayeuliza, akaibadilisha picha, akaongeza kipimo, akaitaja kasoro ndogo ya mtumba kabla mteja hajaigundua, atapunguza marejesho bila ya kumnyima mtu haki. Na kwa kuwa hata akifanya yote hayo baadhi vitarudi, atenge sehemu ndogo ya kila mauzo iwe fungu la marejesho, asiliguse kwa kununulia kitoweo. Akiba haiozi. Aliyekosa kuitenga ndiye anayemkimbia mteja wake, akizima simu kama mdaiwa.

Na mnunuzi naye, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wetu au mwalimu mwenzetu, asijione kuwa hana wajibu. Kuagiza vitu vitatu ukijua utachukua kimoja, kuvaa gauni kwenye arusi ya Jumamosi na kulirudisha Jumatatu, au kuacha kupokea simu ya mleta mzigo kwa sababu umepata cha bei nafuu zaidi, yote hayo ni kuitia mkono mifuko ya watu maskini. Hiari haikuwekwa ili iwe mchezo. Iliwekwa ili mtu asifungwe na kitu ambacho hakukijua. Pale mnunuzi aliyedhulumiwa kweli anapokosa msikizi, milango iko: Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji, na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja kwa utaratibu mwepesi. Lakini heri mambo yakatatuliwa kabla hayajafika huko, kwa kuwa kesi ya kikoi hugharimu zaidi ya kikoi.

Ombi langu kwa walimu ni jepesi. Katika somo la Elimu ya Biashara wanafunzi wamekuwa wakijifunza kuhusu bidhaa zinazorudishwa, na kuhusu hati ambayo muuzaji humwandikia mteja aliyerudisha bidhaa ili deni lake lipungue. Wengi huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakaisahau mlangoni. Na iletwe darasani simu yenye tangazo la kweli la mtu auzaye, majina yakiwa yamefichwa, wanafunzi waliandikie masharti ya kughairi: maneno mia moja, kwa Kiswahili ambacho bibi zao wangekielewa. Wagawanywe mafungu mawili, hawa wauzaji na hawa wanunuzi, wajadiliane mpaka wapate maandishi ambayo pande zote zingeyatia sahihi. Watajifunza lugha, hesabu, sheria na uadilifu kwa kipindi kimoja.

Tukumbuke kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Mtandaoni, kinachojiuza si kikoi wala kofia, maana picha zake zimejaa kila mahali. Kinachojiuza ni habari ya kwamba kwa muuzaji fulani ukikosewa hutapotelewa. Muuzaji wa Malindi aliye na habari hiyo nyuma yake hahitaji kibao ukutani; na aliyeikosa, hakuna kibao kitakachomfaa.